Bima ya Kumwonyesha Trafiki

Madereva wengi wa Tanzania hukata bima ndogo kwa nia moja: trafiki akipunga mkono, mazungumzo yawe mafupi. Shilingi 118,000 kwa mwaka kwa gari dogo la binafsi, VAT ikiwemo, huhesabiwa kama ushuru wa kupita njia. Maombi yote huelekezwa kwenye gari lenyewe, lisikwaruzwe, lising'olewe vioo vya pembeni. Nadhani hofu hiyo imekosea anwani. Gari la milioni kumi, hata likigeuka chapati, hasara yake inaishia milioni kumi. Utalia, utapanda daladala, utazoea. Ila likiparamia V8 ya mtu, au likimvunja mguu dereva wa bodaboda mwenye familia, hapo deni halina dari. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haishughuliki na bampa lako: inamlazimisha mwenye gari kumkatia bima mtu asiyemjua, yule atakayegongwa.

Watu husema kampuni hazilipi. Zipo zinazozungusha, sikatai. Lakini tazama ajali ndogo pale Mwenge. Abiria wa daladala wameshakaa mahakama, na hukumu imetoka kabla dereva hajafungua mlango. Naye anatangaza, “Kosa langu, kaka, tuyamalize,” anatoa elfu hamsini, wanapeana namba za simu, polisi haitwi. Wiki mbili baadaye fundi wa mwenzake “amegundua mengine” (fundi akilala na gari lazima agundue), na sasa ndipo bima inakumbukwa. Mkataba wa bima kwa kawaida unataka taarifa mapema, tena unakataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kuridhia. Bwana huyu ameshakiri mbele ya daladala nzima. Na anayesema yeye ni mwangalifu, hivyo bima haimhusu, namwamini; breki zake ndizo sijazungumza nazo.

Basi tukate bima kubwa? Mwenye uwezo akate, kwani inamlinda huyo atakayegongwa na gari lako pia, kwa kama asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kabla ya VAT. Tatizo ni hiyo thamani. Gari hilo hilo kwa wakala wa bima ni la milioni nne, kwa dalali ni la milioni tisa, halijawahi kurudiwa rangi. Siku likiungua, kampuni itamwamini yule wa milioni nne.