Sindano Moja Haiuzwi

Petroli tunapimiwa kwa lita, sukari kwa kilo, na hati ya kiwanja inaandikwa mita za mraba hata kama kiwanja chenyewe kilipimwa kwa hatua za mjumbe. Halafu unaingia duka la vitambaa Kariakoo, na pale kila bidhaa imejichagulia kipimo chake. Kitambaa ni yadi. Upana wa kitambaa hichohicho ni inchi, 45 au 60. Zipu ni inchi. Vifungo ni dazeni. Lesi ni mita. Uzi ni yadi tena, nyingi mno, zimechapwa kwenye kibandiko cha kigurudumu, na sijasikia mteja aliyewahi kuufumua wote akahakikisha.

Mapazia ndiyo yamevuka mpaka. Kitambaa chake aghalabu kina upana wa mita 2.8, na upana huo ndio unaogeuka kimo cha pazia, yaani unakilaza. Kwa hiyo unachonunua kwa urefu ni upana wa dirisha, mara mbili ukitaka mikunjo. Kijana wa duka alinieleza haya yote kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, kisha akauliza: "Sasa mzee, dirisha lako lina urefu gani kwa upana?" Nikasimama pale nikijaribu kukumbuka kama dirisha langu limesimama au limelala.

Yadi yenyewe sina ugomvi nayo. Bibi zetu wa pwani walinunua merikani na bafta kwa wari, wakashona, wakavaa, wakazeeka salama. Ugomvi wangu ni pale mdomo unaposema mita na mkono unapima yadi. Yadi ni sentimita 91 na kidogo. "Mita sita" za namna hiyo, ukizifikisha nyumbani, hazitimii hata tano na nusu, na kile kipande kilichobaki dukani ndicho kilikuwa mikono ya shati. Kipimo chenyewe ni misumari miwili iliyopigiliwa ukingoni mwa meza, na umbali kati yake wanaujua watatu: mwenye duka, seremala na Mungu. Ukichomoa futikamba yako mfukoni, duka zima linanyamaza.

"Mzee, huniamini?"

Nakuamini, mwanangu. Misumari ndiyo hatujafahamiana.

Na hapo nimeshavuka kikwazo cha kwanza, kile cha mimi kuwa mwanamume mwenye mvi ndani ya duka la vitambaa. Salamu ikiisha tu: "Umetumwa na mama, mzee?" Hapana, nashona mwenyewe. "Ahaa, kumbe fundi!" Si fundi, nashona nyumbani tu. Basi hapo sauti inateremka, na macho yanaanza kukadiria kama nimefiwa au nimeachwa. Nje ya duka hilohilo, barazani, wamejipanga wanaume na cherehani zao, futikamba shingoni, wanashona magauni ya mabibi harusi, na hakuna anayewauliza wametumwa na nani. Inaonekana mwanamume akishona kwa malipo ana ujuzi, akishona bure ana matatizo.

Swali linalofuata huulizwa bila hata kukutazama: "Jumla au rejareja?"

Namwelewa anayeuliza. Mtaa ule unalisha nchi jirani. Pembeni yangu alikuwapo mteja kutoka Lubumbashi akifungiwa marobota, na mwingine wa Lusaka akihesabu noti kwa mashine. Katikati yao mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nataka sindano ya cherehani. Moja. Ile ya zamani imekatika ncha.

Sindano moja haiuzwi. Zinakuja kumi kwenye kipakiti, na mwenye duka la jumla hafungui boksi la vipakiti. Nikaelekezwa kwa kijana mwenye meza barabarani, yeye kipakiti anacho, na bei yake ina nauli yangu ndani. Namwambia nataka namba 14, ya pamba ya kawaida. Namba 11 ni ya vitambaa laini kama shifoni, na 16 ni ya jinzi. Ananipa namba 16. "Hizo zote zinashona, mzee." Nazigeuza, naona shina lake ni duara. Hizo ni za cherehani za kiwandani. Cherehani yetu ni ile nyeusi yenye maua ya dhahabu, iliyoingia nyumbani pamoja na mama watoto, na sindano yake ina shina lenye upande mmoja bapa ili ikubali kuingia kwa namna moja tu. Namweleza. Ananisikiliza kwa adabu yote, mpaka mwisho, kisha anasema, "Basi saga na jiwe kidogo, itakaa."

Tuje kwenye vitambaa. Kariakoo hakuna kitambaa ambacho si pamba. Kinang'aa, pamba. Kinateleza, pamba. Ukikigusa nywele za mkono zinasimama, pamba mia kwa mia, mzee, shika uone. Njia ya uhakika ni kuchomoa uzi mmoja ukingoni na kuuchoma: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu yanayopeperuka, poliesta inayeyuka na kuganda kuwa kijipunje kigumu cheusi. Lakini jaribu kuchomoa kiberiti ndani ya duka la vitambaa Kariakoo. Soko kuu liliungua Julai 2021, na watu wa pale hawana mzaha na moto, wala siwalaumu. Kwa hiyo uzi unauchukua kwenye mfuko wa shati, unakwenda kuuchoma nyumbani, na unapata ukweli wote ukiwa umeshalipa.

Vitenge navyo vina usomi wake. Ukingoni pameandikwa kwa Kiingereza kwamba ni waksi halisi ya Uholanzi, na sentensi hiyo nimeikuta hata kwenye vitenge ambavyo ukivigeuza upande wa pili maua yamepauka. Waksi ya kweli rangi hupenya, mbele na nyuma unavaa. Ingawa, tusemane ukweli, hata wazungu hawana haki ya kulia sana. Kampuni ya Vlisco ipo pale Helmond tangu 1846, na ufundi wa waksi Waholanzi waliuiga kutoka kwa batiki za Java wakitaka kuwauzia Wajava wenyewe. Kwa hiyo ninachonunua mimi ni mwigo wa mwigo, na bado kijana anakataa kunipunguzia elfu mbili.

Tena usidanganywe na ugumu wa kitenge kipya. Kile kinachosimama chenyewe mezani mara nyingi kinasimamishwa na wanga. Kifue kwanza kabla mkasi haujakigusa, kwa sababu pamba hurudi, na ni heri irudi ikiwa bado kitambaa kuliko irudi ikiwa suruali. Nimewaona watu wenye suruali zilizorudi. Wanatembea kwa hatua fupi. Mimi nilipofua changu, maji yakawa uji, na kitenge kikatoka kwenye beseni kikiwa kimelegea kuliko leso ya mfukoni.

Kuna mambo ambayo sitaki kuyalalamikia. Chaki ya kuchorea hununui: kipande chembamba cha sabuni ya kuogea kinachora vizuri na kinatoka kwa maji. Kifaa cha kufumulia nacho kinauzwa, kizuri, chenye kishikio cha rangi, lakini wembe unafanya kazi hiyohiyo na unapatikana duka la Mangi usiku. Pini nunua nyingi, zitaishia kwenye zulia, na mguu wa mgeni utakujulisha zilipo.

Mkasi ndio mtihani. Mkasi wa kitambaa ni kitu kizito, vishikio vimepinda ili upande wa chini ulale mezani na kitambaa kisinyanyuke, na una sharti moja tu: usikate kitu kingine chochote, hasa karatasi, maana karatasi hutafuna makali. Nilinunua mzuri, nikalipa bei ambayo niliikata nusu nilipoitaja nyumbani. Nikakusanya familia, nikatangaza sharti. Watu wazima na watoto wakaitikia. Kesho yake ulikata daftari. Halafu ulikata pakiti ya maziwa. Jumapili nikaisikia sauti yake jikoni, kwa sauti tu nikaujua, nikaingia na kuukuta unatenganisha kuku na miguu yake.

"Baba, huu ndio unaokata," binti yangu akanieleza.

Futikamba nayo imepata ajira serikalini. Inapima urefu wa watoto ukutani, nafasi ya friji, na kiuno cha dada wa jirani aliyeanza kupunguza uzito. Kwenye kitambaa haionekani. Juzi nimepima foronya kwa rula ya shule ya sentimita 30, nikiisogeza na kuweka kidole, nikiisogeza na kuweka kidole, na nikaanza kuiona ile misumari miwili kwa jicho la huruma.

Zipu nimeziacha mwisho kwa sababu bado zinaniuma. Nilikuwa nashona mito ya makochi, minne, kitenge chenye tausi wa rangi ya chungwa. Mto unataka zipu ili uvuliwe nguo ukafuliwa. Zipu za chungwa, inchi 16, zipo: dazeni.

"Nataka nne, kijana wangu."

"Mzee, nikikuvunjia dazeni, hizi nane nimwuzie nani?"

"Mwuzie mwenye mito minane."

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Huyo hajawahi kuja."

Nikabeba dazeni. Nikapanda mwendokasi Msimbazi nimekumbatia mfuko, zipu zimechungulia juu, na abiria mmoja akaniuliza kama nasambaza maduka ya mikoani. Nilimwambia ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu wa mjini kuniheshimu.

Mito imekwisha, inakalika. Zipu nane zimekaa kwenye kopo la biskuti pamoja na sindano tisa na vifungo ambavyo sitaki kusema ni vingapi. Jumamosi iliyopita akaja jirani yetu, mama mstaarabu sana, sketi ya mwanawe imeharibika na amesikia kwa shemeji kuna zipu. Rangi haimsumbui, sketi ni ya kuvalia nyumbani.

"Shemeji, niuzie moja tu."

Nikamwuliza jumla au rejareja.

Alidhani natania. Nilikuwa bado sijamalizia habari ya kuvunja dazeni alipotokea mama watoto kutoka jikoni, mkasi mkononi, akafungua kopo na kumpa mbili, bure. Zimebaki sita.