Jinsi ya Kupandisha Ghorofa Homa Bay Bila Kumwachia Mtu Pa Kupita

Hongera kwa ploti. Hamsini kwa mia si mchezo siku hizi, tena katikati ya Homa Bay, juu kidogo ya barabara inayoteremkia gatini. Ukisimama hapo asubuhi, mbele unaona Ghuba ya Winam, nyuma kilima cha Asego. Yatazame hayo mpaka ushibe, maana jirani yako naye ana ploti, na kokoto zake zimeshamwagwa.

Wakati wa kupandisha ghorofa ndio huu. Sensa ya 2019 ilitupata watu 44,949 mjini. Sheria ya miji inataka 50,000 ndipo pahali paitwe manispaa, ila makao makuu ya kaunti yamesamehewa hesabu hiyo, basi sisi tukapata cheo kabla ya kimo. Kimo kinakuja sasa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya wanatafuta bedsita. Kisha mwaka 2025 tukaandaa shughuli mbili kubwa: Sikukuu ya Madaraka tarehe 1 Juni katika Uwanja wa Raila Odinga, na Kongamano la Ugatuzi mwezi Agosti. Wageni walisaka vyumba vya kulala kama watu wanaosaka sukari wakati wa uhaba, na kila mwenye ploti aliyewaona alipiga hesabu kimoyomoyo. Sikumsikia mgeni hata mmoja akilalamikia pa kutembea. Walikuja kwa magari.

Tuanze na urefu, ambao haupaswi kukuumiza kichwa. Fundi yeyote atakwambia: ya chini, nne juu yake, simama hapo. Ukizidisha, mtu ataanza kutamka neno lifti, na lifti ni gharama, ni umeme, ni mtaalamu wa kuitwa kutoka mbali kila inapogoma. Miguu ya mpangaji haidai umeme. Maji yakikatika atapanda na mtungi wa lita ishirini mpaka ghorofa ya nne, na akifika atakuwa amesahau alitaka kupika nini. Akija mtu wa kiti cha magurudumu kuulizia chumba, mwonyeshe picha kwenye simu.

Wengi wanaojenga mara ya kwanza wanadhani kazi iko juu. Sivyo. Jengo la ghorofa hushinda au kushindwa katika zile mita mbili za chini, kati ya ukuta wako na lami. Hapo ndipo mtembea kwa miguu anapojidai ana haki yake, na hapo ndipo nitakapokushika mkono.

Kabla ya kuchimba msingi unatakiwa kupata kibali cha kaunti, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi. Peleka mchoro. Kwenye mchoro ukuta uishie kwenye bikoni, na mbele yake uchorewe miti miwili ya kivuli na mama aliyemshika mtoto mkono wakitembea. Usimruhusu mchoraji awaondoe hao. Ndio watu wa mwisho kutembea hapo.

Kibali kikitoka, zungusha mabati mpaka ukingo wa lami. Simamisha bango la mradi lenye jina la mwenye mradi, mchoraji, mhandisi na mkandarasi kama inavyotakiwa, katikati kabisa ya njia ya miguu. Huenda likawa kitu pekee kwenye saiti kinachofuata sheria, basi acha lionekane. Mchanga na kokoto mwaga nje ya mabati. Mchanga ulio kando ya barabara hauzibi njia, unasubiri tu, na unaweza kusubiri mvua ndefu na mvua fupi bila kumuudhi mtu mwenye cheo. Kama serikali iliweka kabro mbele ya ploti yako, ing'oe safu tatu upitishe bomba la maji taka, kisha urudishie udongo. Kabro ikishang'olewa huwa haijui njia ya kurudi.

Sasa tufike penye utamu, yaani ngazi.

Udongo mweusi wa huku kwetu huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na maji ya Asego hayana adabu, kwa hivyo sakafu ya chini utaiinua. Umefanya vyema. Lakini duka lako sasa liko futi tatu juu ya barabara, na mteja si mbuzi. Atahitaji ngazi. Ukiziweka ndani zitakula duka, na duka ni kodi. Ziweke nje. Jirani yako, kwenye udongo uleule, ameinua futi mbili, naye ameweka zake nje. Wa tatu alijenga zamani, kabla barabara haijainuliwa, kwa hivyo ngazi zake zinateremka. Wa nne hakutaka ngazi, alitaka gari lake lipande mpaka mlangoni, akamwaga zege lenye mwinamo kama mgongo wa kiboko. Kila mmoja wenu amefanya la busara, na busara zenu nne mkizipanga pamoja mnapata kitu ambacho jeshi lingekitumia kufundishia makurutu.

Juzi nilipita safu ya namna hiyo na bibi mmoja aliyetoka gatini na beseni la omena akielekea sokoni. Alisimama kwenye ngazi za kwanza, zile za vigae vinavyong'aa, akavua champali zake, akazitia kwapani.

"Nyathina, shika upande huu."

Nikashika. Tukapanda nne, tukavuka baraza, tukashuka mbili. Penye mwinamo wa zege palikuwa na pikapu iliyolala pua juu, tukapita kwa ubavu, beseni mbele, mimi nyuma, harufu ya omena ikiniingia mpaka kwenye kola ya shati. Baada ya pikapu palikuwa na mtaro na ubao mmoja. Baada ya ubao, jenereta. Baada ya jenereta, pikipiki kumi na moja za boda, nilizihesabu, zimepangwa vizuri kuliko kitu chochote mtaani humo. Hapo tukashuka kwenye lami, na matatu ya Rongo ikatupigia honi kama kwamba tumeingia chumbani kwake.

"Dana, ungepanda boda," nikamwambia bibi.

"Zamani barabara ilikuwa ya magari," akasema, akaenda zake nayo katikati.

Gor Mahia, yule mganga wa Kanyamwa ambaye klabu ya mpira ilichukua jina lake mwaka 1968, husimuliwa kuwa aliweza kujigeuza apendavyo, leo mzee, kesho mtoto. Watu walimwogopa kwa mahia yake, yaani maajabu yake. Siku hizi mahia hiyo ni sharti kwa yeyote anayetaka kwenda kununua mkate.

Kuhusu mtaro sina mengi. Funika kipande kinachotazamana na mlango wako, kwa kimo chako. Jirani atafunika chake kwa kimo chake. Pengo lililo kati ya slabu mbili si la mtu, na mimi mwenyewe niliwahi kuliacha goti langu humo usiku mmoja umeme ulipokatika. Nililirudia asubuhi.

Nakuonya pia kuhusu majengo ya kuigwa na yasiyofaa kuigwa. Katika miji ya zamani ya ziwani, Kendu Bay kwa mfano, utakuta maduka yaliyojengwa na Wahindi, yenye baraza pana mbele na paa la mabati juu ya nguzo. Ndani ya duka mwenye mali, nje barazani fundi wa cherehani, na katikati yao wewe unapita kivulini, mvua ikinyesha huna habari. Tazama hasara iliyomo hapo: futi sita za kila ploti zinakaliwa na watu wasiolipa kodi. Lamu ni mbaya zaidi. Watu wa Lamu walijenga kwa mawe, ghorofa mbili, tatu, nyumba zikabanana hadi njia ikabaki kiasi cha punda mwenye mzigo, na bado mtu anatembea mji mzima bila kuguswa na kitu isipokuwa huyo punda. Mbele ya mlango wakajenga baraza ya kukalia wageni na wapita njia. Mwaka 2001 UNESCO ikaiweka Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Ukijenga kama wao, nawe utaletewa watalii wa kupiga picha ukuta wako bila kununua soda.

Kumbe basi watu wanaweza kubanana, kupandana juu kwa juu, na bado wakatembea? Swali hilo usiliulize mbele ya benki yako.

Bado kuna boda, na wao ni washirika wako. Homa Bay ni mji mdogo. Kutoka katikati ya mji mpaka gatini ni mteremko ambao mtoto wa shule angeumaliza akila muwa. Mji wa hivyo ni hatari kwa biashara ya usafiri, kwa hivyo kila ngazi unayoijenga nje ni abiria unayemtengenezea kijana wa boda, naye kwa shukrani ataegesha mbele ya mlango wako na kuziba kile kidogo kilichobaki. Nisikufiche, nami hupanda. Napanda nikiwa nimekasirika, nalipa, nashuka hatua chache kutoka nilikoanzia.

Mwisho ni geti. Kijijini lango la dala, yaani boma, linaitwa rangach, na nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, huelekezwa kwalo. Mgeni halitafuti. Mtu akitupa hata kigogo cha kuni pale, wazee watamuuliza ana ugomvi gani na boma hili. Mjini hakuna wazee, kuna kamera. Weka geti la chuma lenye kufunguka kwa nje, lifagie njia kila gari linapotoka. Nafasi ya ndani isipotee.

Rangi ikikauka, utamwita mama aje aone jengo. Atakataa kupelekewa gari. Amekwenda sokoni kwa miguu tangu uko mgongoni mwake, na kutoka steji mpaka kwako anajua si mbali. Utamngoja ghorofa ya nne, dirishani, ukitazama ziwa, kipande kile ambacho jirani hajakiziba. Utamwona kwa chini ng'ambo ya barabara, kitenge chake kipya, mkoba mkononi, amesimama. Anatazama ngazi. Anatazama pikipiki. Halafu anainua uso, anakuona, na anapaza sauti juu ya honi zote kukuuliza rangach iko wapi.

Mwambie azungukie kwenye kokoto.