Sufuria Moja, Sifa Zote

Umealika watu. Uliyasema maneno hayo ukiwa umeshiba, mbele ya mashahidi: "Njooni Jumamosi, napika mwenyewe." Leo ndiyo Jumamosi, saa tisa alasiri, na mapishi unayoyaweza ni mawili, chai na mayai. Tulia. Hapa hutafundishwa kupika, hilo lina watu wake. Utafundishwa kuonekana umepika, kazi fupi zaidi na yenye malipo yale yale.

Chakula chetu ni makaroni ya nyama ya kusaga, sufuria moja mwanzo mpaka mwisho. Pilau usiiguse. Kila mtu ana mama yake anayepika pilau kuliko wewe, na wageni watakula huku wanalinganisha. Wali wa nazi ni hivyo hivyo. Makaroni hayana mwenyewe. Yana kaheshima fulani ka kigeni, watoto wanayapenda, na hakuna bibi atakayeinuka kusema kwamba kwao Kilwa hayapikwi hivyo. Anayetaka kubahatisha achague uwanja usio na refa.

1. Buchani

Hapa usitafute njia ya mkato, na ni hapa peke yake. Ile nyama iliyokwisha kusagwa, iliyolala kwenye trei ikikungoja, iache iendelee kungoja. Hujui ni ya lini wala imetoka wapi, na ikishasagwa shingo na steki zina sura moja. Nyoosha kidole kwenye kipande kinachoning'inia, useme kama mtu aliyezaliwa humo: "Nikatie hapo nusu kilo, acha na mafuta kidogo, kisha nisagie." Halafu usitoke nje kuongea na simu. Simama uiangalie mashine mpaka imalize. Mafuta usiyakatae kwa kujifanya mtu wa mazoezi. Nyama isiyo na mafuta ikisagwa inapikika kavu, inashika meno, na wageni wanaanza kuomba maji mapema.

Kwa nini ya kusaga? Ng'ombe wetu wengi ni zebu wa malisho, wametembea sana na kuuzwa wakiwa watu wazima. Nyama yao ni tamu ila ina nyuzi, na nyuzi hizo zinataka moto mdogo wa saa mbili hivi ndipo zilegee. Wewe saa mbili hizo umezitumia kulala. Mashine ya buchani imekwisha kukutafunia. Atatokea mjuaji akuambie ununue nyama ya mapande uipake papai bichi. Hasemi uongo, papai bichi linalainisha nyama kwelikweli na wachoma mishkaki wanalitumia, lakini ukilisahau kidogo nyama inapoteza mshiko na kuwa uji. Mtu wa chai na mayai hajafika huko.

2. Genge na duka

Makaroni pakiti moja ya nusu kilo, yale mafupi yaliyopinda. Vitunguu maji vitatu, nyanya tano zilizoiva hasa, hoho moja, karoti mbili, kitunguu saumu, tangawizi, kikopo cha nyanya, pilipili manga, kijiti cha mdalasini, kifungu cha giligilani. Na kipakiti cha kiungo cha mchuzi. Hicho utakitumia, kisha karatasi yake utaizika chini kabisa ya ndoo ya taka, chini ya maganda ya vitunguu. Wapo watu wazima waliovuliwa cheo cha upishi na karatasi moja iliyosahaulika pembeni ya jiko.

Nunua pia kungumanga moja. Hutaitumia. Iweke karibu na kibao cha kukatia, mahali ambapo anayeingia jikoni lazima aione. Mwenye kungumanga haulizwi maswali.

3. Moto na harufu

Sufuria yako iwe pana na nzito. Iweke motoni ikiwa tupu, ipate moto kwanza, ndipo utie mafuta vijiko viwili. Sasa nyama, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu ndiyo siri pekee ya kweli niliyonayo: usiimwage yote. Nusu kilo ikiingia kwa mpigo, moto unapoa, maji ya nyama yanatoka na kujaa, na nyama inachemka humo badala ya kukaangika. Maji hayapiti nyuzi joto 100. Ule wekundu wa kahawia unaofanya nyama inukie inavyostahili unataka 140 au zaidi. Kwa hiyo penye maji pana nyama ya kijivu, hata ukiikoroga mpaka usiku. Weka fungu la kwanza, litandaze, kisha uache mkono. Usikoroge. Utasikia inalia, halafu sauti itabadilika kutoka kutokota kuwa kupasuka-pasuka. Hapo upande wa chini umeshika rangi. Geuza, subiri kidogo, toa kwenye sahani, tia fungu la pili. Ile kahawia iliyoganda chini ya sufuria usiisugue wala usiiogope. Hiyo ndiyo ladha, na utaidai muda si mrefu.

Vitunguu vinafuata, na hapa kinachotawala ni saa ya wageni. Uliwaambia saa moja jioni, kwa hiyo watafika saa mbili kasoro. Subiri wapige simu kuuliza geti ni la rangi gani. Wakishauliza, mimina vitunguu. Wanapokanyaga kizingiti, kitunguu maji kimeshageuka dhahabu, kitunguu saumu na tangawizi vimeingia, mdalasini umeanza kuamka, na nyumba nzima imekwisha kukutolea ushahidi. Mgeni aliyepokelewa na harufu hiyo ameshasadiki kabla hajavua viatu. Yanayobaki ni kutomvunja moyo.

Tia karoti na hoho, kisha nyanya zilizokatwa ndogo na vijiko viwili vya nyanya ya kikopo. Usiharakishe nyanya. Kaanga mpaka zivunjike kabisa na mafuta yaelee juu. Kabla ya hapo zina ubichi ambao hata kipakiti chako hakiwezi kuuficha. Maji ya nyanya yatakuwa yamekwisha kuibandua ile kahawia ya chini. Rudisha nyama. Tia kiungo. Chumvi bado! Kipakiti kina chumvi yake ya kutosha, na wewe utaonja mwishoni.

4. Uvivu wenye hoja

Watu wenye subira huchemsha makaroni kwenye sufuria ya pili, huyachuja, hupika mchuzi kwingine, kisha huvikutanisha. Wewe mwaga makaroni makavu moja kwa moja juu ya nyama. Mimina lita moja ya maji ya moto, robo lita nyingine ikae kwenye birika kama akiba. Koroga mara moja, funika, punguza moto.

Na ukiulizwa kwa nini hukuyachemsha kwanza, usijikunyate. Makaroni yanapoiva yanaachia wanga ndani ya maji, na anayeyachuja anaumwaga wanga huo kwenye sinki. Kwako unabaki ndani, unaufanya mchuzi mzito na kuushikisha kwenye kila makaroni. Waitaliano wenyewe huchota maji waliyochemshia tambi na kuyarudisha kwenye mchuzi kwa sababu hiyo hiyo. Yaseme haya taratibu, ukiwa umeshika mwiko.

Kila dakika mbili funua, kwangua chini kwa mwiko, funika. Makaroni yanapenda kulala na kuganda. Dakika kumi hadi kumi na mbili zinatosha. Ukiona maji yanakwisha na katikati bado pagumu, akiba yako ipo kwenye birika. Zima moto wakati bado pana mchuzi unaotembea, hata kama moyo unakuambia umechelewa kukauka. Moyo ni mwongo. Makaroni yanaendelea kunywa baada ya moto kuzimwa, na kilichoonekana majimaji jikoni kitakuwa sawasawa mezani. Sasa onja, tia chumvi kama inadai, pilipili manga, na giligilani juu.

Kama dhamiri inakusumbua kwa habari ya kipakiti, kaa chini nikupe kisa. Mwaka 1921 kampuni moja ya unga ya huko Minneapolis, Marekani, ilikuwa inapokea barua nyingi za wateja waliouliza mambo ya kuoka. Ikaona barua hizo zijibiwe na mwanamke. Ikambuni, ikampa jina Betty Crocker, na sahihi ya katibu mmoja ikachaguliwa iwe ya Betty. Hakuwahi kuzaliwa. Hata hivyo mwaka 1945 jarida la Fortune lilimtaja kuwa mwanamke wa pili kwa umaarufu nchini humo, nyuma ya Eleanor Roosevelt. Na mwaka 1971, bei ya nyama ilipopanda, ni jina lake lililowekwa kwenye boksi la Hamburger Helper: tambi na kipakiti cha viungo, wewe leta nyama yako ya kusaga na chombo kimoja tu. Taifa zima likala na kushukuru. Mpishi asiyekuwepo amesifiwa hivyo. Wewe ambaye angalau upo, na umekata vitunguu ukalia, unaona haya ya nini?

5. Ukaguzi

Katika kila kundi la wageni kuna shangazi asiyekaa sebuleni. Atakuja. Usimzuie mlangoni, maana anayezuiwa hujua kuna kitu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Unatupikia nini huko?" Na mkono umeshafika kwenye mfuniko.

"Makaroni tu, shangazi. Hebu nionjee, mimi mdomo umeshazoea, siijui tena chumvi."

Basi. Umempa kijiko, umempa cheo. Atasema "ongeza chumvi kidogo." Ongeza punje tatu mbele ya macho yake, koroga kwa unyenyekevu. Kuanzia hapo chakula ni chake pia, na mezani hatakubali mtu akitie dosari. Macho yake yakielekea kwenye kungumanga, usiseme neno.

6. Mambo yakiharibika

Yameungua chini: usikoroge, usikwangue. Hamishia ya juu kwenye chombo kingine upesi, na ya chini yaache na siri yake. Kama harufu imepanda kidogo, kijiti cha mdalasini na ndimu vitakusaidia. Kama imepanda sana, sema umependa yawe na moshi.

Chumvi imezidi: utaambiwa utumbukize kiazi. Kiazi kinanyonya maji yenye chumvi kama kitakavyonyonya maji yoyote, hakichagui chumvi peke yake. Ongeza nyanya, maji, na makaroni mengine kiganja. Chakula kitakuwa kingi, nawe utaitwa mkarimu.

Yamelainika mno, mwiko unasimama wima: hili ndilo litakalokupata, kwa sababu utaanza kuwasimulia wageni kisa cha Betty Crocker na kusahau moto. Una milango miwili. Wa kwanza: piga mayai matatu na kikombe cha maziwa, changanya, mimina kwenye trei, oka mpaka juu pashike rangi. Huna oveni, weka mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Makaroni ya kuoka ni chakula cha futari Pwani nzima, kinakatwa vipande kwa kisu, na hakuna atakayejua kilipata ulaini wake wapi. Mlango wa pili ni wa wenye uso mkavu. Fikiria: ngano na nyama, vimepikwa pamoja mpaka vikavurugana visijulikane. Ni bokoboko hilo! Nyunyiza samli na vitunguu vya kukaanga juu, pakua kwenye sinia, uwatakie Idi njema hata kama ni mwezi wa Februari.

Chakula ni kidogo kuliko watu: weka ndizi mbivu moja pembeni ya kila sahani na utangaze kwamba umepika Kisomali. Wasomali walipata tambi kwa Waitaliano waliowatawala, wakazifanya zao, na ndizi pembeni ni desturi yao ya kweli. Umeokoa sahani mbili na umewaelimisha watu.

7. Kusifiwa

Pakua mwenyewe, ukiwa na kitambaa begani. Mgeni wa kwanza akifungua mdomo kusifu, muwahi: "Aa, leo hayakutoka vizuri." Sentensi hii haina mpinzani. Meza nzima italazimika kukukatalia, na kila anayekukatalia atasifu zaidi ya aliyetangulia. Usiirudie, mara ya pili watu huanza kukubaliana nawe.

Ukiombwa maelezo ya mapishi, toa yote, pamoja na lita na dakika. Hakuna atakayeyafuata, na ukiyaficha watadhani una la kuficha. Kipakiti kisahau tu, kama ilivyo kawaida ya binadamu.

Vyombo ni sufuria moja na ukoko wake. Imwagie maji ya moto uiweke mahali pa kuonekana, kisha kunja mikono ya shati polepole. Kuna mtu mwenye malezi mazuri atakunyang'anya sponji.

Iko hatari moja tu, na inakuja getini, wakati wa kuagana: "Basi Jumamosi ijayo tena hapa hapa!" Cheka, pungia mkono, useme gesi imekwisha leo hii. Na kwa kuwa shangazi ni mtu wa kurudi kuutikisa mtungi, mlango wa jikoni uwe umeshaufunga.