Ampu kwa Bei ya Bajaji: Sababu Nane za Kuinunua, Tukianza na Iliyo Dhaifu

Kuna ampu za gitaa zinazotoka kiwandani kwa maelfu, na kuna zile zinazotoka kwenye karakana ya watu wachache, fundi akijulikana kwa jina na foleni ya wateja ikimsubiri. Matchless ilianzia Los Angeles, Dr. Z iko Ohio, Carr iko North Carolina, Two-Rock iko California. Mpya huanzia kama dola 2,000, na dola 5,000 si bei ya kumshtua mtu katika ulimwengu huo. Kwa hela yetu unazungumzia milioni tano hadi zaidi ya kumi, yaani bajaji. Mpiga besi wa bendi yetu, mtu asiye na huruma na ndoto za wenzake, aliposikia bei hiyo aliuliza swali moja tu: "Na hiyo ampu, jioni inaleta hesabu?"

Haileti. Lakini wapiga solo wana sababu zao, na zote nimezisikia, nyingine zikitoka kinywani mwangu mwenyewe. Nazipanga hapa kuanzia ile ya kuchekesha hadi ile inayoninyima usingizi. Mpiga besi amepewa ruhusa ya kuingilia, maana hata asipopewa ataingilia.

8. "Ina wati nyingi"

Wati 100 hazikupi sauti mara kumi ya wati 10. Sikio halihesabu hivyo. Ukizidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kama mara mbili, nguvu inabidi ipande mara kumi. Tena ampu ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa ndani yake, hunoga inapokamuliwa. Mwenye wati 100 haruhusiwi kuikamua popote: nyumbani kuna majirani, ukumbini kuna mwimbaji anayetaka asikike. Basi anaipiga volyumu ikiwa kwenye moja na nusu.

"Amelipia zote, anatumia za kuonja," anasema mpiga besi.

7. "Inapendeza kuitazama"

Hapo sina ubishi. Baadhi ya ampu za Matchless zina jina lao mbele, nalo linawaka taa. "Itamsaidia MC kusoma majina ya waliotutunza," anasema mpiga besi.

6. "Saketi yake ni ya siri"

Hapa tukae kidogo, maana ndipo fedha nyingi zinapozama.

Mfalme wa siri alikuwa Howard Alexander Dumble wa California, aliyefariki mwaka 2022. Maisha yake yote alitengeneza ampu takriban 300. Alikuwa akimsikiliza mteja anavyopiga, kisha anairekebisha ampu ifuate mkono wa mtu huyo. Alipomaliza, aliimwagia sehemu ya saketi gundi ngumu ya epoksi ili asiwepo wa kuchungulia. Leo Overdrive Special yake inaweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Kwa shilingi andika mwenyewe, mkono wangu unatetemeka.

Sasa, gundi nayo ina dawa yake. Watu waliibandua, wakachora ramani ya kila waya, na siku hizi karakana ya Ceriatone kule Malaysia inauza ampu za mtindo huo kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuikopea. Na chini ya epoksi kulikutwa nini? Damu ya Fender, iliyonyooshwa na fundi mwenye masikio makali.

Ukifuata ukoo huu unaishia kwa fundi redio. Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na hadi anakufa hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Saketi zake za mwanzo zilifuata michoro ambayo watengenezaji wa valvu walikuwa wakiichapisha wenyewe ili valvu zao zinunuliwe. Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga drams mwenye duka la vyombo vya muziki upande wa magharibi wa London, alitaka ampu ya kuwauzia vijana waliokuwa hawamudu bei ya vitu vya Marekani. Mafundi wake walichukua Fender Bassman, wakaifuata karibu hatua kwa hatua kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza, ikazaliwa Marshall JTM45. Matchless DC-30 nayo, hiyo ya jina linalowaka, baba yake ni Vox AC30 ya Uingereza.

Mpiga besi alikuwa ametulia mpaka nilipotaja Bassman. "Rudia hapo. Hiyo ampu ilitengenezwa kwa ajili ya nani?"

Ya besi, mzee.

"Mkatuibia, mkaikwaruza sauti, mkaita roki. Na sasa mnauziana nakala kwa milioni kumi. Mimi nadai mgao."

5. "Mastaa wanaitumia"

Stevie Ray Vaughan alipiga kwa Dumble kwenye Texas Flood, albamu iliyotoka 1983. Ndiyo. Lakini ile Dumble ilikuwa ya Jackson Browne, mwenye studio waliyorekodia. Kwa hiyo fundisho la kistaa, kama lipo, ni kwamba utafute rafiki mwenye nayo na uende mikono mitupu.

Halafu wapo mastaa ambao wauza ampu hawapendi uwataje. Neil Young amezunguka dunia na Fender Deluxe ya 1959 aliyoinunua mwaka 1967 kwa kama dola 50. Dave Davies wa The Kinks aliipasua kwa wembe spika ya kiampu cha bei ya chini ili ikwaruze, na mwaka 1964 ikakwaruza dunia nzima ikasikia. Ninayempenda zaidi ni Brian May wa Queen. Jukwaani nyuma yake kunasimama safu ya AC30, lakini studioni, alipotaka gitaa lilie kama kundi la vinanda na tarumbeta, alichomeka kwenye kitu kinachoitwa Deacy: kipande cha saketi ya transista kilichookotwa kwenye takataka mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikatiwa ndani ya kasha dogo la spika, kikawashwa kwa betri ya volti 9.

"Nani alikiokota?"

John Deacon.

"Alikuwa anapiga chombo gani?"

Besi, mzee. Alikuwa anapiga besi.

Hakusema kitu tena kwa muda mrefu. Alikuwa anatabasamu tu.

Nami nikiwa hapa hapa kwenye mastaa: sijawahi kumsikia shabiki wa Mbaraka Mwinshehe akiuliza gitaa lilichomekwa wapi.

4. "Valvu ina utamu ambao kompyuta haiwezi"

Miaka ishirini iliyopita ningekuunga mkono kwa sauti kubwa. Mwaka 2011 Wajerumani wa Kemper walileta kasha linaloisikiliza ampu yako kwa dakika chache, kisha linaiga sauti yake. Siku hizi ipo hata programu ya bure, Neural Amp Modeler, inayojifunza ampu na kuiigiza ndani ya kompyuta ya kawaida. Ukishaiweka sauti hiyo kwenye rekodi, juu yake drams, tarumbeta na waimbaji wanne, anayedai anaitambua valvu kupitia spika ya simu ndani ya daladala, mwache apite.

Wanaposema ukweli ni kwenye chumba kimoja na ampu, hewa ikisukumwa na spika hadi kifuani. Hilo nitalirudia kwenye namba moja.

3. "Thamani yake itapanda"

Ken Fischer wa New Jersey, aliyewahi kuwa mhandisi wa Ampeg, alikuwa akizipa ampu zake za Trainwreck majina ya wanawake mahali pa namba. Alitengeneza chache, akafariki 2006, na leo zinashindaniwa na matajiri. Dumble hali kadhalika. Angalia kinachofanana hapo: uchache, na msiba.

"Kwa hiyo tununue, halafu tumwombee fundi?"

Astaghfirullah. Lakini ndivyo hesabu ilivyo. Ampu ya fundi aliye hai, mwenye afya na karakana inayofanya kazi, ukiitoa dukani inashuka bei kama chombo chochote cha mtumba. Anayetaka kuweka akiba akanunue kiwanja.

2. "Imelehemiwa kwa mkono"

Sababu hii ina uzito. Ampu nyingi za bei ndogo za leo zina ubao uliochapwa, vipuri vidogo vimebanana, soketi za valvu zimesimama juu ya ubao huohuo unaopikwa na joto lake. Kikiharibika kitu, fundi anakuuliza kama umewahi kufikiria kununua nyingine. Ile ya mkono ukiigeuza unaiona yote: rezista hii, kapasita ile, waya umetoka wapi unakwenda wapi. Inatengenezeka leo na itatengenezeka mjukuu wako akiirithi. (Fundi ajihadhari tu: ndani mna mamia ya volti, na kapasita hubaki nazo hata waya ukishachomolewa ukutani.)

Ila kuna mambo ambayo muuzaji wa Marekani hatakutajia kama hukumuuliza. Umeme wao ni volti 120, wetu 230. Ampu ambayo transfoma yake haikutengenezewa volti zetu, ukiichomeka Temeke utanusa milioni kumi zikiungua. Hewa ya Pwani nayo ina unyevu na chumvi, inakula soketi na swichi bila kujali jina la fundi. Na valvu zenyewe zinatengenezwa zaidi Slovakia, Urusi na China. Urusi ilipozuia kwa muda kuziuza nje mwaka 2022, bei ziliruka kote.

"Spea za bajaji ziko Kariakoo," anakumbusha mpiga besi, kana kwamba nimesahau.

Tena mkono haukuanza na mafundi hawa wa bei mbaya. Zile Fender za miaka ya 1950 zilikuwa bidhaa za kiwandani, zililehemiwa na wanawake wa Fullerton, na mafundi wakizifungua hukuta kipande cha tepu chenye jina la aliyeifanya kazi. Fender Champ ya mwishoni mwa zama hizo ina valvu tatu tu, wati kama 5, spika moja ya inchi nane. Mchoro wake uko wazi kwa kila mtu, vipuri vyake vyote ni dola mia chache, na mzee yeyote aliyewahi kufufua redio za valvu anaweza kukuundia hapo hapo mtaani, kwa transfoma ya volti zako.

1. "Inanijibu"

Hii ndiyo inayoninyima usingizi. Ampu nzuri ya valvu, ikiwa imefunguliwa hadi karibu na ukingo, inaufuata mkono. Ukigusa nyuzi taratibu inang'aa, ukikaza inanguruma, ukipunguza volyumu ya gitaa inatakata tena, hukukanyaga pedali yoyote. Aliyewahi kuipiga hasimuliwi. Na ni kweli kwamba fundi mzuri anaujua ukingo huo ulipo kuliko kiwanda kinachohesabu senti.

Lakini uliza unapiga nini. Mtu wa bluzi, watu watatu jukwaani, gitaa moja lililobeba kila kitu: huyo akiwa na hela isiyo ya ada ya watoto, anunue, na asiniombe ruhusa. Sisi wa dansi, magitaa matatu yanapishana, solo inatakiwa ipite katikati safi na kavu mpaka sebene iishe, tunahitaji ampu isiyonguruma kabisa. Kwa kazi hiyo Roland walitoa Jazz Chorus JC-120 mwaka 1975, transista tupu, valvu hakuna hata moja, na bado inauzwa. Na yule ambaye ampu yake inamkera, kabla hajaenda kukopa abadilishe spika kwanza. Celestion au Jensen ya dola mia na kitu hubadilisha sauti kuliko sehemu kubwa ya mbwembwe nilizozitaja hapo juu.

Mpiga besi anataka kujua, nikipewa hizo milioni kumi leo, nitafanya nini. Nitamtafuta fundi anitengenezee Champ. Itakayobaki, JC-120 ya mtumba.

"JC-120 ina kilo karibu 30. Nani atabeba?"

Nilidhani wewe, kaka.

"Mimi nasubiri mgao wangu wa Bassman."