Donda la Mfalme

Novemba 18, 1686, pale Versailles, mpasuaji Charles-François Félix alimtibu Louis wa 14 wa Ufaransa donda la fistula lililokuwa likimtesa makalioni tangu mapema mwaka ule. Kisu kilitengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, na mkono Félix aliuzoesha kwanza kwa mafukara wa hospitalini, ambao hakuna aliyeuliza baadaye wanakaaje. Mfalme akapona.

Ndipo ngoma ilipokolea. Makabaila waliozoea kugombea heshima ya kushika kinara cha mshumaa mfalme akienda kulala, na wengine walioringia kibali cha kusimama kando yake akiwa kwenye kiti cha choo (naam, kibali kabisa, cha maandishi), sasa waliona haya kuwa wazima. Aliyekuwa na kajipu alikatangaza. Wasio hata na kajipu walimwendea mpasuaji Pierre Dionis nao wapasuliwe. Ameandika kwamba aliona zaidi ya 30 wa namna hiyo. Wakiambiwa hawaumwi, walinuna kama watu walionyimwa cheo, wakarudi kasrini na makalio yao salama salimini.