Jinsi ya Kutengeneza Dawa ya Pumu Isiyokimbiza Moyo

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeambiwa kwamba dawa nzuri ni dawa kali. Ukali tunao tayari. Adrenalini, inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, hulegeza misuli ya mirija ya hewa kwa muda mfupi sana, na papo hapo huukimbiza moyo na kupandisha shinikizo la damu. Mgonjwa wa pumu anataka hewa. Moyo wake haukuomba mbio. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, wala usiruke hata moja.

Mahitaji: adrenalini kidogo, protini moja isiyotulia, mtambo wa eksirei wenye nguvu nyingi, na subira ya kurithisha wajukuu. Kutoka hatua ya kwanza hadi ya tano ilipita miaka 70.

Hatua ya 1: Tafuta kipokezi kwanza

Kumeza dawa peke yake hakuiambii seli chochote. Kwenye utando wa seli kuna protini zinazoitwa vipokezi. Molekuli inayofaa ikikaa kwenye nafasi yake upande wa nje, protini nzima hujipinda, na habari hufika ndani bila molekuli yenyewe kuingia.

Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alijaribu kemikali za jamii ya adrenalini kwenye viungo mbalimbali. Akaona kwamba iliyoongoza kwa nguvu kwenye kiungo kimoja iliburura mkia kwenye kingine. Akahitimisha kuwa vipokezi ni vya aina mbili, alfa na beta. Mwaka 1967 vya beta navyo vikagawanywa: beta-1, vilivyo vingi moyoni, na beta-2, vilivyo vingi kwenye mirija ya hewa. Siku hizo hakuna mtu aliyekuwa amekiona kipokezi hata kimoja. Umbo lilikisiwa kutokana na tabia. Heshimu kazi ya namna hii, maana ndiyo iliyokuonyesha pa kulenga.

Hatua ya 2: Badilisha kidogo, pima sana

Adrenalini ni molekuli ndogo. Upande mmoja ina pete ya kaboni yenye vikundi viwili vya oksijeni na haidrojeni. Upande wa pili ina mkia mfupi wenye naitrojeni. Usiache mbachao kwa msala upitao: kiunzi hicho kibakize. Nenepesha sehemu iliyoshikamana na naitrojeni, upate isoprenalini, ambayo huviacha vipokezi vya alfa na kuvifuata vya beta.

Usisherehekee bado. Isoprenalini haichagui kati ya beta-1 na beta-2, kwa hiyo moyo nao hukimbia. Katika miaka ya 1960 vifo vya wagonjwa wa pumu viliongezeka Uingereza, na watafiti wakavihusisha na inhela zenye dozi kubwa za dawa hiyo.

Kikosi cha mtafiti David Jack kwenye kampuni ya dawa ya Allen & Hanburys, mjini Ware, Uingereza, kikafanya mabadiliko mawili. Kwanza, kiliunenepesha zaidi upande wa naitrojeni, na molekuli ikaanza kukipendelea kipokezi cha beta-2. Pili, kiliingiza kaboni moja kati ya pete na kikundi kimojawapo cha oksijeni, hata kimeng'enya kinachoharibu adrenalini kikashindwa kuishika. Hiyo ndiyo salbutamoli, iliyoingia sokoni mwaka 1969. Inhela ambayo mtoto mwenye pumu hubeba kwenye mkoba wa shule imetokana na kaboni chache zilizowekwa mahali pake.

Hatua ya 3: Jifunze kukaa bila kuamsha

Molekuli ikishajua njia ya kufika kwenye kipokezi, inaweza kuketi pale na kunyamaza, ikiizuia adrenalini isipate nafasi. James Black, mwanasayansi wa Scotland, alilifuata wazo hilo akapata propranololi, iliyopunguza kazi ya moyo kwa wenye maumivu ya kifua. Mwaka 1988 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Lakini propranololi hufunga beta-1 na beta-2 kwa pamoja. Ukimpa mgonjwa wa pumu, mirija yake ya hewa inaweza kubana vibaya. Andika jambo hili kwa wino mwekundu.

Hatua ya 4: Sasa kitazame

Mwaka 1986 kikosi cha mwanasayansi Robert Lefkowitz, akiwamo Brian Kobilka, kilisoma jeni la kipokezi cha beta-2 na kukuta kinafanana na protini ya jicho inayopokea mwanga. Zote mbili hupita kwenye utando wa seli mara saba. Hapo ikajulikana kuwa huu ni ukoo mmoja mkubwa, na leo takriban theluthi ya dawa zilizoidhinishwa Marekani hufanya kazi kupitia ukoo huo.

Ili uone umbo la kipokezi cha beta-2 kwa eksirei, lazima kwanza uligeuze lundo la protini kuwa fuwele, na kipokezi hiki hakitulii. Mwaka 2007 Kobilka na wenzake walikata kitanzi kimoja kinachochezacheza, wakapachika mahali pake protini ngumu ya kirusi. Fuwele zikapatikana, na nafasi ya dawa ikaonekana waziwazi. Asidi amino namba 113, yenye chaji hasi, hushika naitrojeni yenye chaji chanya. Kumbe ndiyo maana kiunzi cha hatua ya pili hakikupaswa kuguswa! Upande wa pili ziko asidi amino ziitwazo serini, zinazoshika vikundi vya oksijeni vya pete. Mwaka 2011 wakakipata kipokezi kikiwa kazini: mhimili wa sita, kati ya ile saba inayopita kwenye utando, ulikuwa umesogea nje, upande wa ndani ya seli, kwa takriban nanomita 1.4. Msogeo huo ndio ujumbe wenyewe. Mwaka 2012 Lefkowitz na Kobilka walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Hatua ya 5: Tafuta tofauti pembeni

Ukilinganisha beta-1 na beta-2, utakuta nafasi ya katikati inakaribia kufanana kabisa. Usikate tamaa, panda juu kidogo. Salmeteroli, dawa inayofanya kazi kwa takriban saa 12, ina mkia mrefu, na mwaka 2018 picha ya muundo wake ikiwa ndani ya kipokezi ilionyesha mkia huo umelala karibu na mlango wa nje, ambako asidi amino za beta-2 zinatofautiana na za beta-1. Dawa hutambua kipokezi chake kwa vijisehemu hivyo vya pembeni, na mbunifu anayetazama katikati tu huvikosa.

Hatua ya 6: Ujue mpaka wa dawa yako

Salbutamoli hufungua mirija, lakini haiondoi uvimbe ulioibana. Uvimbe hutulizwa na dawa za kotikosteroidi, ambazo hukamata kipokezi kingine kabisa kilicho ndani ya seli. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu, GINA, haipendekezi tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Basi hata usipotengeneza dawa yoyote, una kazi mbili. Ukiandikiwa dawa ya moyo au ya presha na una pumu, mwambie daktari kabla hujaondoka. Na kama inhela yako ni ya kufungua mirija tu na unaitumia kila mara, muulize ni dawa gani itakayotuliza uvimbe.