Samaki Maiti Aliyenichoma

Ninaandika kwa vidole tisa. Cha kumi, kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kimevimba kama ndizi mkono wa tembo na kinapwita kwa mapigo yake chenyewe, hakiufuati moyo. Mwenzangu kalala upande wa pili wa kitanda cha hoteli, kajifunika shuka gubigubi, lakini shuka linatikisika. Si baridi. Anacheka. Kaanza saa saba mchana, na sasa ni saa nne usiku.

Nimechomwa na samaki. Ingekuwa baharini ningeiita ajali ya kazi. Nimechomwa mezani, kwenye mkahawa wa vitambaa vyeupe, na samaki aliyekwisha kufa, niliyemwagiza mwenyewe kwa bei ambayo kwetu inanunua mbuzi na chenji ikabaki.

Siku ilianza vizuri, au tuseme ilianza miguu juu. Pale Bandari ya Kale ya Marseille pana paa kubwa la chuma cha pua, kazi ya Norman Foster, lililosimamishwa mwaka 2013. Halina kuta, lina nguzo tu, na dari yake inang'aa kama kioo. Ukiinua kichwa unajiona unaning'inia kama popo. Hatua chache kutoka hapo wavuvi walikuwa wanauza samaki wa asubuhi, wengine bado wanapigapiga mikia, nami nikazunguka meza zao nikitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. “Mimi mtoto wa pwani,” nikamwambia mke wangu. “Samaki hanidanganyi.”

Maneno hayo ameyahifadhi.

Tulikuwa tumeagiza bouillabaisse, supu ya samaki ambayo ndiyo fahari ya mji ule. Haiagizwi kama chai. Pale tulipokwenda ilitubidi tutoe taarifa siku moja kabla, na hawaipiki kwa mtu mmoja. Saa saba mhudumu akaja na sinia. Juu yake samaki wazima, wabichi, wamepangwa kama maharusi. Akaliinamisha mbele yangu, akanyamaza, akatabasamu.

Sasa niambie wewe. Mtu akikuletea samaki mbichi, akasimama anakutazama, anataka nini? Mimi nimelelewa na jibu moja tu. Nikakunja mkono wa shati. Nikambonyeza wa kwanza ubavuni, nyama ikarudi. Nikamtazama jicho; halina ukungu. Nikamfunua mashavu nione kama ndani bado kwekundu. Meza za jirani zikanyamaza. Tabasamu la mhudumu likabaki pale usoni, ila mwenyewe alikwishaondoka. Nami, nikidhani ukimya ule ni wa mnada, nikauliza kilo ni bei gani, na kabla hajajibu nikamwambia apunguze.

“Baba watoto,” mke wangu akanong'ona, “nadhani unatakiwa utazame tu.”

Kumbe ndivyo. Unatazama, unatikisa kichwa kama mtu anayeelewa, sinia linarudi jikoni. Ibada yenyewe ni hiyo. Nikavuta mkono kwa haraka ya aibu, na kidole kikapita juu ya mgongo wa yule mwekundu mwenye sura ya mtu aliyeamshwa vibaya. Wao humwita rascasse. Miba ya mgongo wake ina sumu, na kufa hakumnyang'anyi silaha papo hapo. Bahati yangu ni kwamba sumu hiyo haivumilii joto. Dawa ni kutumbukiza kidole kwenye maji ya moto, moto kadiri unavyoweza kustahimili. Mhudumu alilijua hilo kuliko alivyojua jina lake. Akaniletea bakuli.

Nikawa nimetiwa nanga. Mtu aliyetiwa nanga hana budi kusikiliza, na mhudumu, aliponisamehe, akawa mwalimu. Nakiri somo lilinishika kuliko mwiba. Supu hii imeandikiwa mkataba! Mwaka 1980 wenye mikahawa wa Marseille walikaa wakaandika ni samaki gani wanaostahili kuingia sufuriani, wakasema aina zisipungue nne, na kwamba samaki akatwe mbele ya mlaji. Yumo rascasse wangu. Yumo mmoja mrefu kama mkunga. Yumo Saint-Pierre mwenye doa jeusi ubavuni, ambalo Wakristo wa zamani walisimulia kuwa ni alama ya kidole gumba cha Mtume Petro. Nikatazama bakuli langu. Mtume alimwachia samaki alama kwa kidole. Mimi samaki ndiye aliyeniachia.

Jina lenyewe, kwa lugha ya kale ya Provence, linasema chemsha, kisha shusha moto. Ndani ya maneno hayo kuna siri ya jiko zima. Maji na mafuta ya zeituni havipatani, hilo kila mpishi analijua. Lakini ukivichemsha kwa fujo, mafuta hupasuka matone madogo madogo yasiyoonekana, na ule ute unaotoka kwenye mifupa na ngozi za samaki wa miambani unayashikilia yasirudiane. Mchuzi unakuwa mzito bila unga wala nazi. Zafarani inaupaka rangi. Ndipo samaki wanapoingia, wenye nyama ngumu kwanza, laini mwisho. Mezani mchuzi hutangulia peke yake, pamoja na vipande vya mkate mkavu unavyovisugua kwa kitunguu saumu na kuvipaka mchuzi mzito wa pilipili. Samaki hufuata kwenye sahani yake.

Kwa hiyo mbele yangu palikuwa na mabakuli mawili, yote yanafuka moshi. Mkono wa kulia umo katika moja, nakula kwa wa kushoto, na mke wangu ananitazama kana kwamba mama mkwe kaingia mlangoni. Nikachovya mkate, nikatafuna, nikasema kitamu. “Hilo ni la kidole,” akasema.

Cheko lake lilianzia hapo.

Hata hivyo kuna jambo halinichekeshi. Supu hii ilikuwa ya wavuvi. Samaki wazuri waliuzwa. Wenye miba, wadogo na wenye sura mbaya walibaki nyavuni, wakatiwa sufuriani palepale ufukweni ili watu waliotoka baharini wapate kushiba. Leo masalio yale ni euro 75 kwa kichwa, na vichwa vyenyewe wameshavichuja. Dereva wa teksi aliyeturudisha hotelini alikuwa Mngazija, maana Wakomoro ni wengi mno Marseille, na Kingazija chake na Kiswahili changu viliposhikana mkono akaniambia kwamba miaka yote aliyokaa mji ule hajawahi kuionja. Nikataka kumcheka, nikaikumbuka pwani yetu. Pweza aliyekuwa akichomwa jioni kando ya barabara sasa anasubiriwa alfajiri na gari la hoteli. Mama lishe aliyekaa mnadani juani anarudi na mapezi. Kisha hoteli inamwandika pweza yule kwenye menyu kuwa ni chakula cha asili cha wenyeji. Wenyeji gani? Wenyeji wako nje ya geti, na askari kaambiwa asiwaruhusu.

Mengine ya siku hiyo ni machache. Kisiwa cha If, chenye gereza ambako wageni huonyeshwa chumba cha mfungwa wa kwenye riwaya, asiyewahi kuzaliwa, tulikiona kwa mbali kwa sababu upepo wa mistral ulizuia boti. Upepo huohuo ulichukua mtandio wa mke wangu kule juu Notre-Dame de la Garde. Ndani ya kanisa hilo zinaning'inia merikebu ndogo za shukrani kutoka kwa mabaharia walionusurika. Nilitafuta shukrani ya aliyenusurika mlo, sikuiona.

Jioni mke wangu aliniletea mche wa sabuni ya Marseille, ule wa mraba uliopigwa chapa ya 72%, kiasi cha mafuta kilichomo. Nimenawa mara tatu. Nadhani harufu ya samaki imejificha katika ile 28 iliyobaki.

Kutoka chini ya shuka, sauti inauliza kilo ni bei gani.